Nini hasa kilibadilisha picha ya atomi: vifaa au vichwa vya watu?

#1 Pampu_ya_Hewa
Wakuu salama. Nimekuwa nasoma sana historia ya atomi na kuna kitu kinanikera, karibu kila mahali inasimuliwa kama hadithi ya vichwa vikali. Dalton kafikiri, Thomson kagundua, Rutherford kashangaa, Bohr kaleta obiti, basi. Mimi nadai picha ya atomi haijawahi kubadilika kwa sababu ya kichwa cha mtu, imebadilika kila alipotokea mtu mwenye kifaa kizuri kuliko mwenzake.

Chukua elektroni. Mwaka 1883 Heinrich Hertz alipitisha miale ya kathodi (ile inayotoka ncha hasi ya mrija wa umeme) katikati ya sahani mbili zenye umeme aone kama itapinda. Haikupinda, akahitimisha haina chaji. Na Hertz hakuwa mtu wa mchezo, huyu ndiye aliyekuja kuthibitisha mawimbi ya redio. Shida ilikuwa hewa iliyobaki ndani ya mrija, ile gesi kidogo inapata chaji inaziba nguvu ya umeme isifike kwenye miale. 1897 J.J. Thomson pale Cambridge anarudia jambo lilelile, ila yeye ana mrija ulionyonywa hewa vizuri zaidi, miale inapinda, na dunia inapata chembe ambayo leo tunajua ni nyepesi kuliko atomi ya haidrojeni kwa zaidi ya mara 1,800. Tofauti ya Hertz na Thomson ni pampu. Mwenye hoja kinyume aje.

#2 Obiti_ya_Tatu
Uzi mzuri mkuu ila umechagua mfano unaokubeba. Bohr 1913 alikuwa na kifaa gani? Karatasi na kalamu. Mistari ya rangi ya haidrojeni ilishapimwa siku nyingi na Balmer, mwalimu wa hesabu wa Uswisi, alishaipatia fomula 1885. Watu walikaa na ile fomula miaka 28, inatoa majibu sahihi kabisa na hakuna anayejua kwa nini. Bohr akaja akasema elektroni haikai popote inapotaka, ina ngazi zake maalumu, ikishuka ngazi inatoa nuru yenye nishati sawasawa na tofauti ya hizo ngazi mbili, fomula ya Balmer ikajitokeza yenyewe. Pampu iko wapi hapo?

#3 Chembe_Ndogo
Naomba kuuliza wakubwa, mi bado nasoma. Kwani kabla ya Bohr shida ilikuwa nini? Nilidhani Rutherford alishamaliza, kiini katikati elektroni zinazunguka.

#4 Wimbi_Refu
@Chembe_Ndogo shida ilikuwa kubwa mno. Kitu chenye chaji kikizunguka kinatoa mionzi, kikitoa mionzi kinapoteza nishati, kikipoteza nishati kinaporomoka. Ukipiga hesabu kwa fizikia ya zamani elektroni ya haidrojeni inatakiwa idondoke kwenye kiini ndani ya muda mfupi sana, hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde haifiki. Yaani kwa hesabu ile hakuna jiwe, hakuna maji, wewe mwenyewe haupo. Rutherford alijua kuna tatizo la uimara wa ile atomi yake, akaliacha kando kwenye andiko lake la 1911. Bohr hakulitatua kwa maelezo, aliamuru tu kwamba kwenye zile ngazi elektroni haitoi mionzi. Sababu hasa ilikuja 1925 na 1926 kwa Heisenberg na Schrödinger.

#5 Binti_Nyutroni
Habari zenu. Pampu_ya_Hewa nakuletea mfano ambao kifaa ni kilekile na jibu ni tofauti.

Januari 1932 Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot kule Paris wanaelekeza mionzi ya ajabu kutoka kwenye berili kwenda kwenye nta ya parafini, protoni zinaruka nje kwa kasi kubwa. Wameona kwa macho yao. Wakasema hiyo ni miale ya gama yenye nguvu sana. Taarifa inafika Cambridge, Chadwick na Rutherford hawaamini, kwa sababu gama haina uzito, kusukuma protoni namna ile ingehitaji nishati isiyoelezeka. Chadwick anaingia maabara, wiki chache tu anatoa jibu: ni chembe isiyo na chaji yenye uzito karibu sawa na protoni. Nyutroni. Nobel 1935.

Sasa niambie tofauti ilikuwa pampu gani? Chanzo cha mionzi aina ileile, parafini ileile. Tofauti ni kwamba Rutherford alishatabiri chembe ya namna hiyo tangu 1920, na Chadwick alikuwa ameitafuta kwa miaka. Aliyejua anachokitafuta ndiye aliyekiona.

#6 Pampu_ya_Hewa
Binti nimekusoma na hoja yako ina uzito, lakini huoni kwamba bila polonia, ile elementi yenye mionzi, ya kutoa chembe za alfa (viini vya heliamu) na bila vikuza ishara vya kielektroniki vya kuhesabu protoni moja moja, Chadwick angebaki na imani yake tu? Miaka 12 alikuwa nayo hiyo imani na haikumsaidia kitu.

#7 Binti_Nyutroni
Na Joliot na mkewe walikuwa na polonia nyingi kuliko yeye. Haikuwasaidia pia.

#8 Kaa_la_Moto
Hahaha hiyo #7 imetua. Naweka kambi hapa.

#9 Mwalimu_Zamu
Nafundisha fizikia na kemia sekondari, mwaka wa kumi na kitu huu. Niseme kitu kuhusu hii mijadala ya nani kaona nini. Madarasani tunaipanga kama ngazi: Dalton tufe gumu, Thomson mkate wenye zabibu (elektroni ndani ya chaji chanya iliyosambaa), Rutherford sayari, Bohr ngazi, halafu wingu. Mwanafunzi anaondoka anaamini kila aliyekuja alimfuta wa kabla yake. Sio kweli hata kidogo. Mhasibu wa kemia, yule anayesawazisha milinganyo, mpaka leo anatumia atomi ya Dalton, tufe lenye uzito wake, na majibu yanatoka.

Ninachokiona kwa wanafunzi wangu ni kwamba ile picha ya sayari haitoki kichwani. Nikifika kwenye wingu la elektroni wanaandika vizuri kwenye mtihani, alafu nikiwaambia chora atomi wanachora duara na nukta inazunguka. Sasa nimebadili, naanza na mistari ya rangi kabla ya kuchora chochote. Naona maswali yanakuwa ya maana zaidi.

#10 Sahani_ya_Platini
Mwalimu shikamoo. Naomba nirekebishe hapo kwenye zabibu. Ule mfano wa mkate unafanya ionekane Thomson alidhani elektroni zimeganda ndani ya unga. Ukisoma andiko lake la 1904 elektroni zake zinazunguka, tena kwenye pete, na alipiga hesabu ndefu ya pete ngapi zinakuwa imara na kila pete inabeba elektroni ngapi. Alikuwa anatafuta sababu ya elementi kurudiarudia tabia kwenye jedwali. Wazo la elektroni kujipanga kwa tabaka kwa kweli lilianzia hapo, sio kwa Bohr.

Na nyongeza: mwaka huohuo 1904 Nagaoka wa Japani alishapendekeza kitu kizito katikati na pete ya elektroni pembeni kama Zohali. Rutherford mwenyewe alimtaja kwenye andiko la 1911.

#11 Mwalimu_Zamu
Marahaba. Hilo la pete ni zuri, nitalitumia darasani.

#12 Obiti_ya_Tatu
Basi Nagaoka anampinga Pampu_ya_Hewa tena. Picha ilikuwepo kabla ya jaribio!

#13 Pampu_ya_Hewa
Picha ilikuwepo na hakuna aliyeihitaji. Mpaka Geiger na Marsden walipokaa gizani Manchester 1909. Na Marsden alikuwa bado mwanafunzi, karibu miaka 20 tu, kapewa kazi ya kuangalia kama kuna chembe za alfa zinazorudi nyuma zikigonga karatasi ya dhahabu. Zikarudi, moja katika 8,000 hivi. Hiyo ndiyo iliyoua atomi ya Thomson, sio Nagaoka.

#14 Sahani_ya_Platini
Mkuu mbili za haraka. Ile moja katika 8,000 ilikuwa kwenye platini, ndiyo maana nimejiita hivi. Walijaribu metali nyingi, risasi, fedha, shaba, chuma, alumini, dhahabu ikabaki maarufu. Pili, andiko la Rutherford la 1911 halikusema kiini kina chaji chanya. Alisema kuna chaji kubwa imejikusanya sehemu ndogo sana katikati, na hesabu yake inatoa jibu lilelile iwe chanya au hasi, kwa hiyo akaacha wazi. Vitabu vya shule vinachora alama ya jumlisha kama vile aliiona.

#15 Wimbi_Refu
Mimi sikubaliani na kambi zote mbili. Kuna bahati. Davisson kule Marekani, 1925, anachunguza elektroni zinavyoruka kutoka kwenye nikeli, mrija unapata ajali, hewa inaingia, nikeli inapata kutu. Anaipasha moto kwa muda mrefu kuisafisha, na joto lile linageuza vipande vidogovidogo vya nikeli kuwa fuwele chache kubwa. Akirudia jaribio matokeo yamebadilika kabisa. 1927 yeye na Germer wanaonyesha elektroni inatawanyika kama wimbi, kama de Broglie alivyosema 1924. Hakuna aliyepanga ile ajali.

Alafu kuna hiki ambacho kila nikikikumbuka nafurahi: J.J. Thomson alipata Nobel ya 1906 kwa kazi iliyotupatia elektroni kama chembe, mwanae G.P. Thomson akashirikiana na Davisson Nobel ya 1937 kwa kuonyesha elektroni ni wimbi. Baba na mwana, na wote wako sahihi.

#16 Binti_Nyutroni
Bahati ni kweli ila Davisson alielewa ameona nini baada ya kwenda Uingereza 1926 akakuta watu wanaizungumzia nadharia ya mawimbi. Tunarudi palepale.

#17 Jiwe_Gumu
Wakuu mnasahau watu. Mwaka 1900 bado kulikuwa na wanasayansi wakubwa wanaosema atomi hazipo, ni njia ya kurahisisha hesabu tu. Ernst Mach na Wilhelm Ostwald. Ostwald alikuwa mkemia, anatumia uzito wa atomi kila siku! Boltzmann alipigana nao miaka mingi, akafariki 1906 kabla hajaona mwisho wa mjadala. Kilichombadilisha Ostwald ni kazi ya Thomson pamoja na vile vipimo vya mwendo wa chembe kwenye maji. Einstein 1905 alipiga hesabu chembe ndogo inayoelea inatakiwa itangetange umbali gani kutokana na kugongwa na molekuli, Perrin akakaa na hadubini kuanzia 1908 akapima, namba zikakubaliana. 1909 Ostwald akakubali hadharani. Mach hakulegeza namna hiyo.

Kwa hiyo kwangu mimi swali sio kifaa au kichwa. Ni nani yuko tayari kuambiwa. Robert Brown, mtaalamu wa mimea, aliona ule mtikisiko 1827 kwenye chembechembe zinazotoka ndani ya chavua, mpaka 1908 ni miaka 81, hadubini zilikuwepo muda wote.

#18 Kaa_la_Moto
Swali la mtu wa pembeni. Nasikia atomi karibu yote ni tupu. Sasa kama ni tupu kwa nini nikipiga meza mkono hauingii? Msiniambie sumaku.

#19 Obiti_ya_Tatu
Kiini ni kidogo kuliko atomi mara laki moja hivi kwa upana, na kimebeba zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wote. Kwa hiyo ndiyo, karibu yote ni tupu. Mkono hauingii kwa sababu elektroni za mkono na za meza zinasukumana, hasi kwa hasi.

#20 Wimbi_Refu
Hapana #19, hiyo ni atomi ya 1911 unamuuzia mtu leo. Ukiongelea utupu unadhania elektroni ni kidude kimekaa mahali na kwingine kote hakuna kitu. Tangu Born 1926 tunajua lile wimbi linatupa uwezekano wa kuikuta elektroni hapa au pale, na limeenea kwenye atomi nzima. Hakuna pahali pa kunyoosha kidole ukasema hapa ni tupu.

Na kusukumana kwa chaji peke yake hakutoshi. Kuna kanuni ya Pauli ya 1925, elektroni mbili haziwezi kuwa kwenye hali ileile kabisa. Ukizibana zinalazimika kupanda ngazi za juu na hiyo inadai nishati. Dyson na Lenard walikuja kuthibitisha kwa hesabu 1967 kwamba bila hiyo kanuni maada isingekuwa imara, ingesinyaa. Kwa hiyo Kaa_la_Moto, mkono wako unazuiwa na Pauli.

#21 Kaa_la_Moto
Asante mkuu, ila mbona mmenipa majibu mawili na kila mmoja anajiamini?

#22 Mwalimu_Zamu
Kwa sababu neno tupu halina jibu moja. Kwa chembe ya alfa inayopita kwa kasi, atomi ni tupu, inapita tu. Kwa atomi nyingine inayokuja polepole, imejaa. Inategemea unaigonga na nini, na hilo wala sio kukwepa swali.

#23 Obiti_ya_Tatu
Hapo mwalimu umenisemea.

#24 Jiwe_Gumu
Nje ya mada kidogo lakini sio sana. Mnajua rangi ya dhahabu inatokana na haya mambo? Dhahabu ina protoni 79, mvuto ni mkali kiasi kwamba elektroni za ndani kabisa zinakadiriwa kuwa na kasi inayozidi nusu ya kasi ya nuru. Hapo Schrödinger peke yake hatoshi, inabidi uingize Einstein. Tabaka fulani zinasinyaa, nyingine zinatanuka, na mwanya wa nishati unapungua mpaka dhahabu inameza nuru ya bluu, inayobaki kurudi ni ya njano. Fedha mwanya wake ni mkubwa, inameza mionzi ya urujuani isiyoonekana, ndiyo maana ni nyeupe. Bohr hawezi kukupa hilo hata umbembeleze.

#25 Mrija_wa_Eksirei
Nafanya kazi kwenye kitengo cha picha za mionzi hospitali, nimesoma kimya tangu mwanzo. Kila siku ya kazi nagusa historia yote hii kwa pamoja na sioni mtu kamfuta mwenzake. Mrija wa eksirei ni elektroni ya Thomson inagonga metali. Mashine ya MRI inasikiliza viini vya haidrojeni. Na kipimo cha PET tunamdunga mgonjwa dawa yenye florini-18, nusu yake inaisha ndani ya dakika 110, inatoa positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), positroni inakutana na elektroni zote mbili zinatoweka, inatoka miale miwili ya gama kwenda pande zinazopingana, kila mmoja una nishati ya keV 511. Tunaipata miwili kwa wakati mmoja, tunajua imetoka kwenye mstari upi.

Sasa Pampu_ya_Hewa, hiyo positroni Dirac aliitoa kwenye mlinganyo wake, akaitaja wazi 1931, na Anderson akaikuta 1932. Wagonjwa wananiuliza hiki kitu kinafanyaje kazi na huwa nawaambia kilianzia kwenye karatasi.

#26 Pampu_ya_Hewa
Heshima kwako kwa kazi hiyo. Lakini Anderson hakuwa anamtafutia Dirac. Alikuwa anapiga picha za miale ya angani kwenye chemba ya mawingu yenye sumaku kali, akaona njia imepinda upande usiotarajiwa. Bila Dirac angeiona vilevile.

Na nichukue Moseley nimrudishe upande wangu. 1913 anapima eksirei za elementi moja baada ya nyingine, anakuta zinapanda kwa utaratibu unaofuata idadi ya chaji ya kiini. Kabla ya hapo namba ya elementi ilikuwa nafasi tu kwenye jedwali, mtu anapanga kwa uzito, kobalti na nikeli zinasumbua. Baada ya Moseley unaweza kusema kwa uhakika zipi hazijapatikana bado, 43, 61, 75. Kipimo safi. Aliuawa Gallipoli 1915 akiwa na miaka 27, na hilo linaniuma kila nikifika hapo.

#27 Obiti_ya_Tatu
Moseley alifanya vile vipimo akiwa na Bohr kichwani, walishazungumza Manchester mwaka huohuo. Fomula yake kaiandika kwa umbo la Bohr. Lakini kwa kifo chake tuko pamoja mkuu.

#28 Chembe_Ndogo
Kwa hiyo leo tumefika mwisho? Protoni na nyutroni zina kwaki, zile chembe ndogo zaidi za ndani, tatu tatu na basi?

#29 Binti_Nyutroni
Mdogo wangu hata hapo pana shimo. Gell-Mann na Zweig walipendekeza kwaki 1964, na wengi walizichukulia kama hesabu tu, Mach kafufuka. Kuanzia 1968 kule SLAC California wanarusha elektroni kwenye protoni kwa mashine ya urefu wa kilomita 3 na zinazotawanyika kwa pembe kubwa ni nyingi kuliko ilivyotegemewa. Marsden tena, ila kwa nishati kubwa mno.

Lakini jumlisha uzito wa kwaki tatu za protoni: unapata kama MeV 9 (uzito ukihesabiwa kwa nishati). Protoni nzima ni 938. Hiyo nyingine yote ni nishati ya mwendo wa kwaki na ya gluoni zinazozishika. Yaani uzito wako wewe karibu wote sio uzito wa vitu, ni nishati iliyofungiwa. Nilipoelewa hili mara ya kwanza sikulala vizuri.

#30 Sahani_ya_Platini
Na ukubwa wa protoni nao ulizua kizaazaa. Vipimo vya elektroni vilikuwa vinatoa nusu kipenyo cha femtomita 0.88, 2010 watu wa Taasisi ya Paul Scherrer Uswisi wakaweka muoni badala ya elektroni, muoni ni chembe kama elektroni ila nzito mara 200 hivi kwa hiyo inakaa karibu zaidi na kiini, wakapata 0.84. Tofauti ndogo kwa macho ila kubwa mno kwa usahihi wa vile vipimo. Vipimo vipya vya elektroni vingi vimeelekea 0.84, sio vyote.

#31 Pampu_ya_Hewa
Mnaona! Kifaa kipya, namba mpya.

#32 Binti_Nyutroni
Basi nikupe ambayo vifaa vimeshindwa kuelewana. Nyutroni ikiwa peke yake nje ya kiini haidumu, inageuka protoni, elektroni na antinyutrino. Inadumu muda gani? Ukizifungia kwenye chupa ukahesabu zilizobaki unapata sekunde 878 hivi. Ukizipitisha kwenye mwale ukahesabu protoni zinazozaliwa unapata 888 hivi. Sekunde 10, na kila upande umekagua mashine zake mara nyingi. Niambie pampu ipi mbovu.

#33 Wimbi_Refu
Kuna waliopendekeza 2018 kwamba labda hakuna mbovu. Chupa inahesabu nyutroni zinazopotea kwa njia yoyote, mwale unahesabu protoni tu. Kama nyutroni moja katika mia inageuka kitu tusichokiona, namba zote mbili zinakuwa sahihi kwa pamoja.

#34 Pampu_ya_Hewa
Au kuna protoni zinapotea kwenye mwale kabla hazijafika kwenye kihesabio. Hilo linapimika, na mimi nasubiri kipimo.

#35 Jiwe_Gumu
Na nyota za nyutroni je? Kama kungekuwa na mlango wa namna hiyo si zingeshindwa kubeba uzito wao? Kuna zinazokaribia mara 2 ya uzito wa jua na zipo. @Wimbi_Refu hapo unasemaje